Ngazi na Sikio

Mafundisho ya gitaa la jazi yameingiwa na ugonjwa, na ugonjwa huo umevaa joho la elimu. Mwanafunzi wa siku hizi hukabidhiwa majedwali kabla ya kukabidhiwa wimbo. Huambiwa kuwa skeli zimepangika juu ya shingo ya gitaa kwa maumbo matano, au saba kwa mwalimu mwingine. Kwamba akiyakariri maumbo hayo katika funguo zote 12, kisha akakariri na arpejio za kila kodi, atakuwa ameshika siri ya kubuni muziki papo hapo. Basi hukariri. Mwaka huenda na mwaka huja. Vidole vyake hupanda na kushuka kwa wepesi wa kustaajabisha, na jamaa zake husema kijana ameiva. Lakini siku anapokaa na wenziwe, ngoma ikalia na besi ikaitikia, zamu yake ikafika ya kusema neno lake mwenyewe, haipatikani kwake sentensi hata moja. Hupiga zoezi la jana kwa sauti kubwa zaidi. Watu humpigia makofi ya adabu, naye hurudi nyumbani kukariri tena, maana amefundishwa kuamini kuwa dawa ya ububu ni msamiati.

Yafaa maneno yafahamike kabla ya mashtaka kusikilizwa. Skeli ni safu ya sauti zilizopangwa kwa kupanda, kama do, re, mi, fa, so, la, ti zinavyofundishwa katika kwaya. Kodi, na hapa haikusudiwi ile inayodaiwa na serikali, ni sauti tatu, nne au zaidi zinazolia kwa pamoja. Arpejio ni kodi iliyofumuliwa, yaani sauti zake zile zile zikipigwa moja baada ya moja. Kubuni papo hapo ni kutunga wimbo wakati ule ule wa kuupiga, juu ya mfululizo wa kodi unaojulikana na wapigaji wote. Fyusheni ni jazi iliyooana na roki, funki na muziki wa mataifa mengine tangu mwisho wa miaka ya 1960, na gitaa la umeme ndilo lililopata humo kiti cha mbele.

Sasa zitazamwe kodi tatu ambazo hufuatana katika nyimbo nyingi mno za jazi. Ya kwanza ina re, fa, la, do. Ya pili ina so, ti, re, fa. Ya tatu ina do, mi, so, ti. Mwalimu wa majedwali huona kwamba sauti zote hizo zimo katika skeli moja ya do, akamwamuru mwanafunzi apande na kushuka ngazi hiyo mpaka kodi zote tatu zimepita. Hesabu yake ni sahihi, walakini sikio lina habari nyingine. Kodi ya kwanza inapoipisha ya pili, do hushuka ikawa ti. Ya pili inapoipisha ya tatu, fa hushuka ikawa mi. Hatua hizo mbili, kila moja nusu sauti tu, ndizo zinazomjulisha msikilizaji kuwa ametoka chumba kimoja akaingia kingine. Mpigaji anayepita hapo akihesabu vipandio vya ngazi amepita mlangoni akiwa usingizini. Arpejio ina fadhila kuliko skeli kwa kuwa humwonyesha milango ilipo. Hata hivyo, anayezitaja sauti za kila kodi kwa zamu, toka chini hadi juu, naye anafanana na mwenye nyumba anayewahesabia wageni nguzo za baraza badala ya kuwakaribisha ndani.

Ala nyingi zingeweza kuvumilia kosa hili, gitaa haliwezi. Mpiga piano akihama ufunguo, vidole vyake hukutana na vipande vyeupe na vyeusi kwa mpango mgeni, akalazimika kufikiri upya. Mpiga gitaa husogeza mkono tu, na umbo likabaki lile lile. Tena sauti moja ina makao mengi: E inayotoka katika uzi wa kwanza ulio wazi hupatikana vile vile katika freti ya 5 ya uzi wa pili, ya 9 ya uzi wa tatu na ya 14 ya uzi wa nne. Jambo hili lina faida kubwa kwa mjuzi, lakini kwa mwanafunzi ni mtego, kwani mkono hujifunza jiografia ya ubao mapema, na vidole vikazoea njia ambayo sikio halijaipita hata siku moja. Zaidi ya hayo, mpiga saksofoni hulazimishwa na mapafu yake kukata sentensi. Mpiga gitaa hana mapafu ya kumkataza. Aweza kupiga sauti mia nne bila kituo, na mara nyingi hupiga.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Tarehe 11 Oktoba 1939, katika mji wa New York, Coleman Hawkins alirekodi wimbo wa Body and Soul kwa saksofoni. Wimbo wenyewe aliugusa kidogo tu mwanzoni, kisha akaacha kodi zimwongoze, akizifumua moja moja na kuziunga kwa kodi za pembeni, akipandisha moto kidogo kidogo mpaka mwisho. Hiyo ni kazi ya arpejio ikiwa mkononi mwa mtu mwenye la kusema. Miaka ishirini baadaye kodi zilikuwa zimesongamana katika jazi kiasi cha kuwachosha baadhi ya waliozizoea. George Russell alikuwa ametoa kitabu chake mwaka 1953, akidai kila kodi ina skeli iliyo ndugu yake. Na mwaka 1959 Miles Davis akatoa Kind of Blue. Humo wimbo wa So What una vipimo 32 na skeli mbili tu: moja vipimo 16, ya pili, iliyo nusu sauti juu, vipimo 8, kisha ile ya kwanza tena vipimo 8. Kutoka hapo hata fyusheni si mbali. Agosti 1969 Davis huyo huyo alirekodi Bitches Brew, John McLaughlin, Mwingereza aliyekuwa amewasili Marekani mwaka ule ule, akiwa kwenye gitaa. Na mwaka 1973 Herbie Hancock akatoa Head Hunters, ambamo sehemu kubwa ya wimbo wa Chameleon huzunguka juu ya kodi mbili.

Kodi zilipopungua, milango ilipungua, na hapo ndipo waalimu wa majedwali walipopata soko. Kama kodi ni moja kwa dakika nzima, wakasema, basi skeli moja yatosha. Wanaosema hivyo wangemsikiliza Davis katika So What. Sauti zake ni chache, na kimya kilichomo kati yake ni kirefu. Hata mtu asiyejua jina la skeli aweza kuuimba ubunifu ule kama wimbo wa kawaida. Skeli kwake ilikuwa uwanja, naye alichagua pa kusimama.

Hoja nzito ya upande wa pili ni John Coltrane, na haifai kupitwa kimya kimya. Kila mtu ajua kuwa alijifunza kwa bidii iliyopita kiasi, na kwamba alikuwa na kitabu cha Nicolas Slonimsky cha mwaka 1947, ambacho ni ghala ya skeli na nakshi za sauti. Giant Steps, aliyoirekodi Mei 1959, ina kodi 26 katika vipimo 16, na katika ubunifu wake hurudia mara kwa mara kifungu cha do, re, mi, so akikihamisha toka kodi hadi kodi. Je, huo si ushindi wa jedwali? Ungekuwa, lau wimbo huo ungalikuwa na mpigaji mmoja. Katika rekodi ile ile amo Tommy Flanagan, mpiga piano hodari, na zamu yake ifikapo husitasita, huacha mapengo, mwisho hukimbilia kupiga kodi tupu. Flanagan hakukosa skeli. Alichokosa ni muda wa kukaa na njia ile mpaka imwingie, muda ambao Coltrane alikuwa nao. Mwaka 1982 Flanagan alirudi akarekodi sahani nzima yenye jina la wimbo huo, na mara hii alikuwa mwenyeji. Kati ya rekodi hizo mbili, kilichobadilika si elimu yake ya ngazi.

Wapo pia wanaomtaja Allan Holdsworth wa Bradford, aliyefariki mwaka 2017, mpiga gitaa wa fyusheni ambaye alizitafuta skeli kwa hesabu, akizichanganya sauti kwa kila namna. Ni kweli. Lakini alijifundisha mwenyewe, na jedwali lake alilitengeneza mwenyewe kwa kuwa alikuwa na kiu ambayo majedwali ya wengine hayakuikata. Tena alitamani saksofoni kuliko gitaa. Ule ulaini wa mkono wake wa kushoto, unaofanya sauti ziteleze bila kudonolewa moja moja, ulizaliwa na tamaa hiyo. Leo vijana huchukua skeli zake bila kiu yake, kama mtu aliyenunua miwani ya mwanachuoni akitarajia kusoma.

Hata hivyo, asidhani yeyote kuwa lawama hizi ni zawadi kwa wavivu. Kuna kundi jingine, lenye kelele zaidi na hoja chache zaidi, linalosema kuwa kubuni ni kipaji na kuwa masomo hukiua. Shahidi wao ni Wes Montgomery wa Indianapolis, ambaye hakujua kusoma noti. Shahidi huyo huwageuka mara tu aulizwapo alijifunzaje. Alijifunza kwa kuzisikiliza rekodi za Charlie Christian na kuzipata ubunifu wake sauti kwa sauti mpaka akaweza kuzipiga zote. Huko ni kusoma, tena kusoma kugumu kuliko kukariri jedwali, kwa kuwa sikio halimsamehe mtu. Katika ubunifu wake mwenyewe aghalabu alianza na sauti moja moja, akaendelea kwa oktavu, akamaliza kwa kodi nzima nzima. Mpango huo hakupewa na jedwali lolote, wala haukumdondokea kama mvua.

Kwamba safu ya sauti peke yake haijawa muziki ni jambo ambalo nusu ya dunia inalijua. Katika India, raga ya Bhupali na raga ya Deshkar zina sauti tano zile zile, wala hapana msikilizaji aliyelelewa humo atakayezichanganya, kwa sababu moja huegemea sauti yake ya tatu na nyingine huegemea ile ya sita, na kila moja ina njia zake za kupanda na za kutua. McLaughlin alilijua jambo hilo. Ndiyo maana alijifunza vina, kisha katika miaka ya 1970 akaunda kundi la Shakti pamoja na L. Shankar na Zakir Hussain. Mpiga kanuni wa taarabu ya Unguja anayeingia katika taksimu analijua vile vile: makamu kwake ina mwanzo, ina kituo, ina mahali pa kurudi. Na katika idara za Kiswahili yupo mwanafunzi awezaye kuhesabu mizani 16 za kila mshororo na kutaja vina vya kati na vya mwisho, ilhali hajapata kutunga ubeti mmoja ambao jirani yake angependa kuusikia mara ya pili. Hakuna amwitaye malenga.

Arpejio na skeli zifundishwe, ila zije baada ya sauti. Katika fyusheni mfano u karibu. Kodi ya re, fa, la, do ikikaa muda mrefu, mpigaji aweza kuweka juu yake arpejio ya fa, la, do, mi, au ya la, do, mi, so, au ya do, mi, so, ti. Zote zimo katika skeli moja, na kwa macho ya jedwali hazina tofauti. Kwa sikio, ya kwanza haiendi mbali na nyumbani, ya pili inaelea, ya tatu inaleta ile ti inayoichokoza fa iliyo chini yake. Mwanafunzi ashikilie re ya besi, aimbe kila moja kwa kinywa chake mpaka ajue ladha yake, ndipo aitafute kwenye nyuzi. Wiki moja ya kazi hiyo itamfaa kuliko mwaka wa maumbo saba.

Kinachozuia ni kwamba ngazi hupimika. Mtahini aweza kuagiza skeli fulani ipigwe kwa mapigo 120 kwa dakika, akahesabu makosa, akaandika alama, na mzazi aliyelipa ada akaridhika. Ladha ya ti juu ya re haina alama katika karatasi yake. Basi karatasi ibadilishwe. Mtahiniwa apewe sauti tatu tu na vipimo 12 vya bluzi, na kabla ya kugusa uzi atakiwe kuimba atakachokipiga; na asipokuwa na la kuimba, gitaa lisitolewe mfukoni.