JIKO LA NYUMBA: Bisi bele bath, wali na mbaazi katika sufuria moja



Kuna neno linasikika katika nyumba mingi za kambi: «Chakula bila nyama ni chakula gani?» Baba anarudi toka mugodini, anafunua sahani, anaona maharagwe, uso unakunjamana. Na mushahara ukikawia, ni mama ndiye anabeba maneno yote, kama vile ni yeye aliyeshika mushahara. Mwezi huu tuangalie watu ambao wanajibu swali lile kwa sufuria.

Wako India ya kusini, katika jimbo la Karnataka, ambalo mji wake mukubwa ni Bengaluru. Kule jamaa mingi hazigusi nyama hata kidogo, tangu wababu wa wababu zao, na hata siku ya arusi meza inajaa. Tena wale wanaofikiri ni inchi ya watu wa kukaa bure, wajue kwamba katika jimbo lile ndiko kulikuwa mugodi wa zahabu wa Kolar, ulioshuka zaidi ya metre 3.000 chini ya udongo mbele ya kufungwa mwaka wa 2001. Si kusema wachimbaji wote wa Kolar waliacha nyama, hapana. Lakini kazi ya shimo wanaijua sawa sisi.

Chakula chenyewe kinaitwa bisi bele bath. Katika luga yao ya Kikannada, bisi maana yake moto, bele ni mbaazi iliyotolewa maganda na kupasuliwa mara mbili, bath ni wali. Jina linakupa karibu mapishi yote.

Sasa baba, sikia vizuri. Muchele peke yake unapungukiwa kitu kimoja cha kujenga mwili, kinaitwa lisini. Mbaazi iko nacho mingi. Mbaazi nayo inapungukiwa kingine, methionini, na muchele unakileta. Mimi ninayefungisha ndoa, ninapenda sana hesabu ya namna ile. Kwa mutoto anayekomea, wali na mbaazi pamoja ni bora kuliko sahani ya wali na kipande cha nyama kidogo kama ukucha.

Kwa watu 6 chukua makopo 2 ya muchele na kopo 1 na nusu ya mbaazi ile. Kwenye duka la Muhindi mjini uliza «toor dal», watakuelewa mara moja. Maharagwe ya kwetu inaweza pia, ukiilowanisha usiku kucha na kuipika mpaka inavunjika, lakini usiite tena bisi bele bath.

Kazi kubwa iko katika viungo, na hapa wengi wanakimbia. Usikimbie. Weka kikaango juu ya mbabula, makala kidogo, mafuta tone moja. Kaanga vijiko 4 vya supu vya mbegu za giligilani, vijiko 2 vya dengu zilizopasuliwa, nusu kijiko kidogo cha uwatu, kijiko kidogo cha jira, mudalasini wa vidole 2, karafuu 6, na pilipili kavu 8. Uwatu ukiungua unakuwa muchungu kama dawa, kwa hiyo ingiza wa mwisho. Pilipili wanayoipenda Karnataka inaitwa Byadagi, nyekundu sana lakini haichomi sana. Pilipili yetu inachoma zaidi; tia 3 ao 4, watoto nao wanakula. Harufu ikijaza nyumba, toa kwenye moto, changanya na nazi kavu iliyokunwa vijiko 4, kisha twanga katika kinu mpaka inakuwa unga.

Mbaazi ioshe, ipike na makopo 6 ya maji na manjano kidogo, mpaka inayeyuka. Muchele nao upike pembeni na maji mengi, uwe laini kuliko desturi. Mboga ni karoti, haricots verts, viazi, petits pois, ile uko nayo. Kata vipande, chemsha na chumvi.

Hapa kuna siri moja. Chakula hiki kinataka uchachu wa ukwaju, donge kama ndimu ndogo, ulioloweshwa katika maji ya moto na kukamuliwa. Lakini usiutie kabla mbaazi haijaiva! Kitu kikali kama ukwaju, ndimu ao tomati kinafanya mbaazi na maharagwe yakatae kulainika, na wewe utamaliza mufuko wa makala bure. Mbaazi ikishayeyuka, sasa tia mboga, ukwaju, kijiko cha sukari, na ule unga wa viungo. Acha vichemke pamoja dakika 10. Kisha ingiza wali, ongeza maji ya moto, koroga polepole na mwiko. Inafaa iwe nzito kama uji wa mutoto. Isisimame kama bukari.

Ya mwisho: katika samli pasha mbegu za haradali mpaka zinaruka, ongeza majani ya kari, mvuje kidogo sana, na korosho. Kalanga inafanya kazi ile ile, na bei yake hailizi mutu. Mwanga vyote juu ya sufuria. Kama haukupata mvuje wala majani ya kari, endelea tu. Lakini haradali usiikose.

Vijana wa kiume, kinu hakina jinsia. Mama akipika wali, ninyi mutwange.

Leteni mezani ingali inatoa moshi, na kitu cha kutafuna kama papadamu ao viazi vya kukaanga. Ikikawia inakauka, kopo la maji ya moto litairudisha. Kama hakuna frigo nyumbani, usiilaze mpaka kesho, juu ya wali uliolala kwenye joto unaleta kuhara. Inayobaki, tuma mutoto aipeleke kwa jirani usiku ule ule, na sahani ifunikwe.