Ramani za kompyuta: Nani ataweza kuzisoma baada ya miaka 50?

MWAKA 1986 Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) liliadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, kitabu cha orodha ya ardhi na mali kilichoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William wa Kwanza. Maadhimisho hayo yalifanywa kwa kuandaa toleo jipya la kielektroniki. Watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wanafunzi, walikusanya maelezo na picha za maeneo yao, yakaunganishwa na ramani za nchi nzima na kuhifadhiwa katika sahani za leza.

Ilipofika mwaka 2002, mashine zilizoweza kusoma sahani hizo zilikuwa zimebaki chache mno. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walilazimika kutunga programu ya kuiga kompyuta ile ya zamani ili yaliyomo yaonekane tena. Wakati huo huo, kitabu cha mwaka 1086, kilichoandikwa kwa wino juu ya ngozi, kilikuwa kikisomeka bila taabu.

Kisa hicho kinatuhusu. Katika miaka ya karibuni nchi zetu zimehamia kwa kasi kwenye ramani za kompyuta. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kupiga picha visiwa vyake kwa ndege zisizo na rubani. Kenya nayo ilizindua mfumo wa Ardhisasa mwaka 2021 ili kumbukumbu za ardhi zipatikane kwa mtandao.

Hatua hizo zinastahili pongezi. Hata hivyo, kuchora ramani ni jambo moja na kuitunza ni jambo jingine.

Ramani ya kompyuta hufa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuharibika kwa chombo kilichoihifadhi. Ya pili ni kutoweka kwa programu inayoifungua. Ya tatu, ambayo ndiyo ya hatari zaidi kwa kuwa haionekani upesi, ni kupotea kwa maelezo yanayoeleza namba zilizomo zilipimwaje.

Mfano uko hapa hapa. Ramani nyingi za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zilipimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ilhali vifaa vya GPS hutumia msingi wa WGS 84. Namba zile zile zikisomwa kwa msingi usio wake, eneo husogea kwa takriban mita 300. Kwa mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30, kosa hilo linampeleka mtaa mwingine kabisa. Faili likibaki na namba bila maelezo ya msingi wake, hakuna hakimu atakayeweza kulitegemea.

Lipo pia suala la kufuta ya jana kwa kuandika ya leo. Ramani ya karatasi ilipotolewa upya, toleo la zamani lilibaki maktaba. Ya kompyuta hurekebishwa papo hapo, na isipowekwa nakala ya kila kipindi, historia yake inatoweka. Mgogoro wa mpaka wa kijiji au hifadhi hauamuliwi kwa kuangalia mpaka ulipo leo pekee. Hutakiwa kujulikana ulikuwa wapi mwaka ambao haki inadaiwa kuvunjwa.

Faida ya kutunza inaonekana katika picha za setilaiti za Landsat, ambazo Marekani imekuwa ikizikusanya tangu mwaka 1972 na kuzifungua kwa wote bila malipo mwaka 2008. Kwa sababu hazikutupwa, leo mtafiti anaweza kupima jinsi theluji ya Kilimanjaro ilivyopungua na jinsi Nairobi ilivyotanuka. Waliozihifadhi wasingeweza kujua maswali yote ambayo vizazi vya baadaye vingeuliza.

Nini kifanyike? Tanzania inayo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, hivyo haianzii patupu. Kinachohitajika ni kila mradi wa ramani, hasa unaogharamiwa na wafadhili, kueleza tangu mwanzo nani atabaki na data fedha zitakapokwisha. Nakala zihifadhiwe katika miundo iliyo wazi isiyofungwa kwa kampuni moja, ziwekwe mahali zaidi ya pamoja, zihamishwe kila teknolojia inapobadilika na ziambatane na maelezo ya upimaji wake.

Kazi hiyo haina sherehe ya uzinduzi wala utepe wa kukata, na ndiyo maana ni rahisi kuisahau katika bajeti. Lakini mali itunzwayo bila kumbukumbu hugeuka ugomvi, na ardhi ndiyo mali ambayo wengi wetu tutawaachia watoto.