Umaskini si mchezo wa kuigiza

Bendi ya Pulp ya Sheffield, Uingereza, ilianzishwa mwaka wa 1978 ikasota miaka mingi bila kuvuma. Mei 1995 ikafyatua kibao "Common People", kisa cha binti wa tajiri anayetamani kuishi kama makabwela, ilhali dhiki ikimchosha atarudi kwa babake.

Kilikwama nambari ya pili. Kileleni walikaa Robson na Jerome, waigizaji walioimba wimbo wa zamani. Hata hivyo, wahakiki walikisifu, na mwaka wa 2014 wasikilizaji wa redio ya BBC 6 Music walikichagua kuwa bora katika mtindo wa Britpop.

Mwimbaji Jarvis Cocker hakuwacheka maskini. Alimcheka anayewazuru kama mtalii. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti!