Laptop mpya ya mkopo, nyimbo za watu hazina nakala

Kuna prodyuza mmoja mjini anachekwa na wenzake. Laptop yake ya kitambo, herufi za kibodi zimefutika, na tangu Oktoba 14, 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 anayotumia. Washikaji wanamwambia anaitia aibu studio, akope anunue mpya.

Kweli, kukaa hivi hivi ni hatari. Mashine haijazima, ila matundu mapya ya usalama hayazibwi tena, na humo ndani kuna nyimbo za wasanii ambazo hazijatoka. Zikivuja, au wezi wa mtandaoni wakizifunga, hatalia peke yake.

Lakini mkopo wa pupa wa nini? Microsoft imeruhusu watu wajisajili wapate masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026, na njia ya bure ipo. Huo ni muda wa kuhamishia kazi kwenye diski ya nje na kudunduliza pesa taratibu.

Maana kuna staa mwingine alikimbilia Kariakoo, akanunua mtumba unaong'aa, akaposti. Kumbe prosesa ni Intel ya kizazi cha sita, wakati Windows 11 kwa kawaida inataka cha nane kwenda juu. Kabadilisha kava, tatizo lile lile!

Prodyuza wa watu aachwe na laptop yake. Kosa lake ni moja tu: hana nakala ya nyimbo hata moja. Na hilo halitibiwi na laptop mpya.