Klarineti Iliyoganda Haijafa

Ndugu mwandishi anayewashauri wapiga muziki wa Kasongo na Kabambare wazitupe klarineti kuukuu za mti, eti maungio yakishaganda kazi imekwisha, amekosea. Ushauri wake wa kujaribu koleo kwanza ni mbaya zaidi.

Klarineti nzuri ni ya mpingo, mti unaokua miongo mingi kabla ya kufaa, mzito hata huzama majini. Jean Serge Essous aliipuliza klarineti bendi ya OK Jazz ilipoanzishwa mwaka 1956, na rumba yetu ya Kongo ililelewa na sauti hiyo. Ndiyo ala tunayoambiwa tuibadilishe kwa plastiki!

Kuganda kuna sababu. Mate na unyevu wa mvua huvimbisha mti, ulimi wa kipande kimoja ukabana ndani ya tundu la kingine. Mafuta ya zamani kwenye koki ya ulimi huo nayo hunata kama gundi. Dawa yake ni ukavu wa polepole. Iache nje ya kasha, kivulini, siku kadhaa. Kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti kinafaa sana. Juani usiianike, itapasuka. Kisha shika mti wenyewe, kamwe si vibonyezo vya chuma, maana hupinda. Isukume huku na huku taratibu, ukizungusha kidogo kidogo. Bado imekaza? Iache, urudi kesho. Koleo litaivunja.

Ikifunguka, badilisha koki, paka mafuta mapya kidogo, na kausha ndani kwa kitambaa kila umalizapo kupiga.

Wenye klarineti hizo, msizitupe. Mpelekeeni fundi mwenye subira.