FREMU YA CHUMA AU YA ALUMINI?



Yapo maneno mengi siku hizi katika masoko ya Awendo na Rongo juu ya baisikeli za mitumba zenye fremu ya alumini. Wauzaji wasema ni nyepesi, mtu hachoki. Wazee wetu nao washikilia kwamba hakuna raha kama ya chuma, kwa kuwa chuma hunepa juu ya mashimo. Kwa maoni yangu pande zote mbili zapotoka, na anayelipia ni mfanya kazi aendaye kukata miwa kila alfajiri, au yule abebaye samaki kutoka Homa Bay hadi vijijini.

Itazameni fremu yenyewe. Mabomba yake yamefungwa kwa pembe tatu, na pembe tatu hainepi ikigandamizwa kutoka juu, iwe ya chuma au ya alumini. Kinachonepa ni tairi, kiti chenye springi, na ule uma mrefu wa mbele uliopinda, kama wa Black Mamba. Basi anayeumwa mgongo asikimbilie kubadili fremu. Atie tairi pana, apunguze upepo kidogo asipokuwa na mzigo (akipakia aongeze, la sivyo tyubu itapasuka kwenye changarawe), na apandishe kiti mpaka mguu ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini. Wengi wetu twaketi chini mno, ndiyo maana magoti yanalia.

Ni kweli alumini ni nyepesi. Lakini mabomba yake hufanywa manene zaidi, hivyo unachookoa ni kilo chache, na gunia la kilo 50 likiwa kwenye keria hutazitambua.

Chuma nakitetea kwa sababu nyingine. Kikipata ufa, fundi wa jua kali pale Migori atakichomelea asubuhi, nawe jioni warudi nayo nyumbani. Alumini yataka mashine yake na fundi aliyefunzwa kazi hiyo. Hata akiiunga, moto huipunguzia nguvu kando ya kiungo. Tena alumini huchoka kwa mitikisiko ya miaka, na fremu ya mitumba hujui imetikiswa kiasi gani. Ikikatika kwenye mteremko, meno hayauzwi sokoni.

Wako watakaosema pikipiki zimejaa, baisikeli ya nini? Petroli hununuliwa kila siku. Baisikeli ukiisha kuilipia, ni yako.

Kwa hiyo naomba jambo hili. Chama cha akiba na mikopo kitakapotoa mkopo wa baisikeli, au mwajiri atakapotaka kuwanunulia walinzi na wasimamizi wa mashamba, makatibu wa matawi wadai ziwe za chuma, zenye tairi pana na kiti cha springi, na fedha itakayobaki inunue pampu na tairi za akiba. Na kila mwanachama aipande kwanza, azunguke nayo uwanjani, ndipo atie sahihi karatasi ya kukatwa mshahara.