Harambee Ikiisha, Mgonjwa Hubaki na Nani?

Shangazi yangu alipopatikana na saratani ya titi, jamaa hatukulala. Kamati iliundwa, kadi za harambee zikachapishwa, na baada ya majuma mawili pesa za kuanzia matibabu zilikuwa zimepatikana. Tukajipongeza. Kumbe tulikuwa tumefanya nusu ya kazi, tena ile nusu iliyo rahisi.

Dawa za kemotherapi hutolewa kwa awamu, aghalabu kila baada ya majuma mawili au matatu, na matibabu huweza kuchukua miezi mingi. Wageni waliojaa sebuleni mwezi wa kwanza, kufikia wa tatu hawaonekani. Na wakati huo ndipo nywele zimekwisha kunyonyoka, chakula hakina ladha, na mgonjwa akijitazama kwenye kioo anamwona mtu asiyemjua. Shangazi aliniambia kuwa kutapika alikuwa ameshakuzoea. Kilichomliza ni kikombe chake kutengwa na vyombo vya wengine.

Hilo la kikombe nalitaja waziwazi, msomaji mpenzi, kwani si kwetu tu lilikofanyika. Saratani haiambukizwi kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kulala kitanda kimoja. Hatari iko upande wa pili. Dawa hizo hupunguza chembechembe nyeupe za damu ambazo huukinga mwili, kwa hivyo wewe mwenye mafua ndiwe unayepaswa kukaa mbali naye. (Naye akipata homa, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane.)

Halafu kuna sisi tusiomruhusu aseme. Mgonjwa akianza, "Naogopa," tunamkata kauli: "Usiseme hivyo, utapona." Twadhani tunamtia moyo, na kumbe ni sisi tunaoyakimbia mazungumzo. Jioni moja nilimwuliza shangazi anaogopa nini hasa, nikanyamaza. Nilitarajia kusikia habari za kifo. Alitaja karo ya kitinda mimba wake, na mumewe aliyehamia chumba cha watoto "ili ampumzishe" bila kumwuliza kama alitaka kupumzishwa.

Watoto nao wasifichwe. Mtoto asiyeambiwa lolote huweza kudhani utundu wake ndio uliomwuguza mama. Mwambie kwa maneno mepesi kuwa mama ana ugonjwa uitwao saratani, dawa zinamchosha, na si kosa la mtu.

Yapo mambo yaliyozidi uwezo wa jamaa, na hapo pana washauri waliosomea kazi hiyo. Nairobi Hospice imekuwa ikihudumia wagonjwa na jamaa zao tangu 1990, na Faraja Cancer Support ilianzishwa 2010. Wengi wakisikia "hospisi" hudhani ni mahali pa kungojea kufa. Sivyo, mgonjwa anayeendelea na matibabu huenda huko kutulizwa maumivu na kusikilizwa, kisha akarudi nyumbani kwake.

Binti anayemwuguza shangazi naye alikuwa amekonda, na hakuna aliyemwuliza kama amelala. Siku hizi tuna zamu. Yangu ni siku ya kliniki. Hukaa naye kwenye foleni tangu alfajiri, na mara nyingi mazungumzo yetu huwa ya bei ya nyanya.